Madirisha ya Kijitonyama, mabati ya Mbagala

Kinondoni wanafunga madirisha, Temeke wanayaacha wazi. Ukilijua hilo umeshajua nusu ya sababu za vikao vya Dar es Salaam kutosikika. Kila upande unateswa na chumba chake, na pande zote mbili zimekimbilia dawa moja: spika kubwa zaidi.

Mimi ni mwandishi wa mihtasari wa kukodiwa. Naitwa na asasi, vyama vya akiba na mikopo, kamati za shule na miradi ya wafadhili. Nakaa pembeni na kinasa sauti na daftari, kisha jioni nasikiliza upya na kuandika nani alisema nini na nini kilikubaliwa. Kazi hii imenipitisha katika vyumba vingi vya mikutano, na kwa muda sasa katika kurasa za nyuma za daftari nimekuwa nikiandika habari za vyumba vyenyewe: dari lake, sakafu yake, kinachoingia dirishani. Yafuatayo yametoka katika kurasa hizo.

KIJITONYAMA

Ofisi nyingi za upande huu wa Kinondoni, kuanzia Kijitonyama hadi Mikocheni, zilijengwa ziwe nyumba za kuishi. Sebule ndiyo iliyofanywa chumba cha mikutano. Jaribu kuiona sebule ile familia ilipokuwa ikiishi ndani yake: makochi mazito, zulia, mapazia ya tabaka mbili, vitambaa vya kufumwa juu ya viti, kabati limejaa vitabu na vyombo. Mtu aliongea kwa sauti ya kawaida na bibi aliyekaa kona ya pili akamjibu.

Ofisi ilipohamia, vyote hivyo vilitoka. Zikaingia tailizi za kung'aa, dari la jipsamu lenye taa za kuzungukia, meza ya kioo, na madirisha ya aluminiamu yaliyofungwa ili ubaridi wa kiyoyozi usitoke. Chumba kinapendeza machoni. Lakini kila kilichokuwa kikimeza sauti kimeondolewa, na nafasi yake imechukuliwa na kitu kinachoirudisha.

Katika joto letu sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde. Ndani ya chumba cha mita saba kwa tano inagonga ukuta, dari au sakafu zaidi ya mara 100 katika sekunde moja. Ukuta wa plasta unafyonza asilimia mbili au tatu tu ya kile kinachougonga. Kilichobaki kinarudi kuzunguka. Kwa hiyo mjumbe anapotamka silabi ya tatu, ya kwanza bado inazunguka chumbani.

Hasara yake naijua vizuri kwa sababu ndiyo inayonikalisha usiku. Irabu zina nguvu na zinadumu. Konsonanti ni fupi na dhaifu, na mvumo wa irabu unazifunika. Sasa fikiria "atalipa" na "hatalipa", "tutasaini" na "hatutasaini". Tofauti kati ya deni linalokubaliwa na deni linalokataliwa imebebwa na pumzi ndogo mwanzoni mwa neno, au na silabi moja ambayo chumba kinaweza kuila. Katika kikao kimoja cha upande huu nilirudisha kipande kilekile cha rekodi mpaka masikio yakachoka, nikampigia mhasibu, naye akanielekeza kwa mwenyekiti, na mwenyekiti akasema yeye alidhani mimi ndiye niliyesikia. Uamuzi ule ulilazimika kurudishwa mezani kikao kilichofuata.

Wanaoumia zaidi ni wale walio mbali. Tangu mwaka 2020 vikao vya mseto vimekuwa jambo la kila wiki: watu wanane mezani, watatu mtandaoni, mmoja yuko Nairobi na mwingine Geneva. Kompyuta mpakato inawekwa mwisho wa meza, na kimaiki chake kidogo ndicho kinachotegemewa kusikia chumba kizima. Aliyeko chumbani ana masikio mawili, na ubongo wake unajua kutumia tofauti kati ya sikio na sikio kuitenga sauti ya msemaji na mvumo unaoizunguka. Maiki ya kompyuta haina msaada huo: inachukua kila kitu kama kilivyo na kukisafirisha. Ndiyo maana wa mezani hushangaa wanapoambiwa hawasikiki. Wanaona kama wa mtandaoni wana intaneti mbovu, na intaneti ya watu iko salama kabisa.

MBAGALA

Hapa, upande wa Temeke, kikao kilikuwa cha chama cha kukopeshana, kina mama wengi na vijana wachache, katika ukumbi mrefu ulioezekwa bati bila dari chini yake. Madirisha ni ya nondo na wavu, hayana kioo. Upepo unapita, hakuna anayehitaji kiyoyozi.

Na kila kitu kingine kinapita vilevile. Ukumbi hauko mbali na stendi ya Rangi Tatu, kwa hiyo makondakta wanaingia kikaoni, bodaboda zinaingia, na spika ya muuza dawa ya panya na mende inapita polepole ikirudia tangazo lake lilelile lililorekodiwa. Viongozi walikuwa wamekodi spika mbili za shughuli, zile za harusi, wakazipanga mbele kabisa pembeni ya meza kuu, nyuma ya msemaji. Maiki ikawa inasikia spika, spika inasikia maiki, na mluzi ukaanza. Fundi akipunguza, wa nyuma wanalalamika. Akiongeza, mluzi unarudi, na wa mbele wanaziba masikio. Mama mmoja wa safu za mwisho alisimama akaeleza vizuri kuliko fundi: sauti inafika, maneno hayafiki.

Kisha mvua ikanyesha. Aliyewahi kukaa chini ya bati tupu wakati wa masika anajua kilichofuata. Mwenyekiti alinyamaza, tukakaa tukitazamana hadi ilipopungua. Ajenda ya mwisho, iliyohusu wadaiwa sugu, ilisogezwa kikao kijacho.

Hata hivyo, na hili linaweza kumshangaza mtu wa Kijitonyama, ukumbi ule wa Mbagala hauna mwangwi wa kutisha. Sababu yake inaanzia mbali kidogo. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara katika jengo la Fogg ambamo wasikilizaji walishindwa kumwelewa mwalimu. Kazi ya kuutengeneza alipewa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine. Alifanya kazi usiku, mji ukiwa umelala, akihamisha mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, Sanders Theatre, na kuiingiza kidogo kidogo, huku akipima sauti inadumu kwa muda gani. Ukumbi mtupu ulivuma kwa sekunde 5 na nusu. Kadiri mito ilivyoongezeka ndivyo muda ulivyopungua, hata ukakaribia sekunde moja. Katika kutafuta kipimo cha kulinganishia vitu vyote alichagua dirisha lililo wazi, kwa sababu sauti inayotokea dirishani hairudi tena. Miaka michache baadaye hesabu zake zilitumika kusanifu Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa mwaka 1900, na mpaka leo wahandisi wanatumia kanuni yake.

Kwa kipimo hicho, ukumbi wa Mbagala wenye madirisha kumi ya mita moja na nusu za mraba una mita 15 za mraba za kifyonzaji kisicho na kasoro, bure. Chumba cha Kijitonyama hakina hata moja. Temeke wana chumba kizuri chenye majirani wenye kelele. Kinondoni wamewazuia majirani wakabaki wamefungiwa na sauti zao wenyewe. Magonjwa mawili tofauti, na spika haitibu hata moja. Ukiongeza spika Kijitonyama unaongeza na mvumo kwa kiasi kilekile. Ukiziongeza Mbagala huku zimepangwa mbele, unaongeza mluzi.

Mbagala ilihitaji mambo mepesi: spika ndogo nne badala ya kubwa mbili, zikae ukutani kwa urefu wa masikio, mbili mbele na mbili katikati ya ukumbi, zote zikiwatazama wasikilizaji na kumpa msemaji mgongo. Maiki isogezwe mdomoni. Umbali ukipunguzwa nusu, nguvu ya sauti inayoifikia maiki huwa mara nne, na fundi anaweza kushusha kila kitu kingine. Na dari liwekwe chini ya bati, hata kama ni la ubao laini wa bei ndogo.

MAKUMBUSHO

Pale pale Kijitonyama, nyuma ya kelele zote za stendi ya Makumbusho, kuna Kijiji cha Makumbusho chenye nyumba za asili za makabila ya Tanzania. Niliingia katika mojawapo ya zile zilizoezekwa nyasi, nikaongea peke yangu kwa sauti. Sauti haikurudi hata kidogo. Sakafu ya udongo, ukuta wa udongo usio laini kama plasta, na juu unene wa nyasi wenye maelfu ya vijia vya hewa ambamo sauti inaingia na kupotea. Nyasi na makuti pia haziimbi mvua inaponyesha, kwa sababu tone linaanguka juu ya kitu kisichotetemeka kama ngoma.

Sisemi tuezeke ofisi kwa nyasi. Lakini nyumba hizi ziko mwendo wa dakika chache kutoka katika baadhi ya vyumba vibaya kabisa nilivyofanyia kazi, na ningependa wasanifu wetu waingie humo wakapige kofi.

UNGUJA

Kazi ilinipeleka Mji Mkongwe, katika nyumba ya kale iliyogeuzwa ofisi. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zina unene wa karibu nusu mita, na vyumba ni vyembamba kwa sababu upana wake ulitawaliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba sakafu ya juu. Nje kuna uchochoro wenye pikipiki na watembezaji wa watalii. Ndani, madirisha yakifungwa, huwasikii.

Nilidhani nimepata jibu, mpaka kikao kilipoanza. Chokaa ni ngumu, na chumba kilivuma karibu sawa na Kijitonyama. Hapo ndipo jambo lilipokaa sawa kichwani mwangu: kuzuia sauti isiingie ni kazi ya uzito, na kutuliza sauti iliyokwisha kuwamo ni kazi ya ulaini. Jiwe linafanya ya kwanza. Ya pili ilikuwa ikifanywa na mikeka, mazulia, mito na mapazia ya wenyewe, na hayo yalikwisha hamishwa.

Kusini mwa kisiwa nilisimama Kizimkazi Dimbani, kwenye msikiti ambao maandishi ya Kikufi katika mihrabu yake yana tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Imamu anaposalisha anawapa maamuma mgongo. Mbele yake kuna mihrabu hiyo ya jiwe iliyochongwa kwa kuingia ndani, na sauti anayoielekeza huko inarudi kwa walio nyuma yake. Chini kuna mkeka au zulia. Sehemu ngumu iko mahali pamoja tu, pale inapohitajika, na sehemu laini iko chini ya watu wote. Chumba chochote cha mikutano kingefaidika na mpango huo: ukuta mgumu mmoja, ule ulio nyuma ya msemaji, na ulaini mahali pengine pote.

ARUSHA

Hapa nina machache. Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, ambacho majengo yake yalijengwa yawe makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kabla haijavunjika mwaka 1977, kiliipokea Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Mashauri yalisikilizwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kinyarwanda, kwa wakalimani na visikizi vya masikioni. Mkalimani asiposikia neno, shahidi hajasema. Kwa hiyo kila mtu alikuwa na maiki yake, karibu na mdomo, na alisubiri mwenzake amalize. Nidhamu hiyo haihitaji fedha za Umoja wa Mataifa. Mwenyekiti wa kikao cha watu kumi anaweza kuianzisha kesho asubuhi.

KEKO

Nikarudi Temeke, kwa mafundi. Keko ni mahali ambapo Dar es Salaam inanunua vitanda, makochi na kabati, zikiwa zimepangwa kando ya barabara. Nilikuwa nimeombwa ushauri na chama kimoja chenye ofisi Chang'ombe, chumba cha mita saba kwa tano na dari la mita tatu, tailizi chini na aluminiamu madirishani. Kwa hesabu ya Sabine chumba hicho kikiwa kitupu kinavuma karibu sekunde 4. Watu kumi wakiingia, nguo na miili yao inapunguza hadi karibu sekunde 2. Mazungumzo yanataka karibu nusu sekunde.

Fundi sofa alinielewa upesi. Tulikubaliana fremu za mbao za upana wa sentimita 60 na urefu wa 120, kina chake kisipungue sentimita 5, ndani zijazwe, mbele zivikwe kitambaa. Ubishi ulikuwa kwenye kitambaa. Yeye alitaka ngozi ya plastiki kwa kuwa inafutika vumbi na inang'aa. Mimi nilitaka kinachopitisha hewa. Njia ya kuchagua ni kuweka kitambaa mdomoni na kupuliza: pumzi ikipita, sauti itapita iingie kwenye kijazo. Ngozi ya plastiki ni ukuta mwingine tu.

Kuhusu kijazo, fundi alitoa sponji. Sponji ya makochi inafyonza vizuri, lakini ikishika moto inawaka kwa kasi na moshi wake unaua, na siwezi kushauri mtu aizungushie chumba chenye mlango mmoja. Pamba ya nyuzi za kioo, ile inayowekwa chini ya mabati ya viwandani kuzuia joto, haiwaki na ndiyo bora. Nami, mtoto wa Tanga, siwezi kupita bila kutaja katani. Nchi hii katika miaka ya 1960 iliongoza dunia kwa zao hilo, na nyuzi zake, kama usumba wa makumbi ya nazi, zikisongwa kwa unene wa kutosha zinafyonza sauti ya mtu vizuri. Zinawaka, kwa hiyo zikae mbali na nyaya na soketi. Ningefurahi kuona kiwanda cha nyumbani kikitengeneza mbao za namna hiyo zilizotiwa dawa ya kuzuia moto.

Jambo jingine ambalo mafundi wa ofisi hawalijui na mafundi wa studio wanalijua: usibandike fremu kwenye ukuta moja kwa moja. Acha upenyo wa sentimita tano au kumi nyuma yake. Mawimbi ya sauti nzito ya mwanamume ni marefu, na karibu kabisa na ukuta hewa haichezi. Kifyonzaji kikisogezwa mbele kinapata kazi zaidi kwa kijazo kilekile. Pazia ni hivyohivyo. Kitenge kimoja kilichonyooshwa ukutani ni pambo. Pazia zito lenye mikunjo mingi, likining'inia mbali kidogo na kioo, ni dawa.

Nimetaja studio kwa makusudi. Kinondoni na Temeke zimezaa sehemu kubwa ya bongo fleva, na kundi la TMK Wanaume lilibeba jina la Temeke nchi nzima. Mitaani kuna vyumba vidogo vya kurekodia ambamo kijana ametundika mablanketi na magodoro ili sauti ya msanii itoke kavu. Wengine wamebandika trei za mayai, na hizo naziombea ziondolewe, kwa sababu karatasi nyepesi namna ile haifyonzi sauti ya maana wala haizuii ya jirani, na inawaka upesi. Lakini ujuzi upo. Kijana anayeweza kumtambua msanii aliyeimbia chooni na aliyeimbia chumbani ndiye mtaalamu anayehitajika na ofisi iliyo nyumba ya tatu kutoka kwake, na bado hakuna anayemwita.

CHANG'OMBE

Chama kile kilifunga mapazia mazito upande wa madirisha, na fremu kwenye kuta mbili zinazotazamana na msemaji. Mpira uliwekwa chini ya mlango, maana kelele inapita penye uwazi hata mlango ukiwa mzito. Kiyoyozi kilichokuwa juu ya kiti cha katibu kilihamishiwa kona nyingine. Kwa kikao cha mtandaoni walinunua maiki moja ya mezani ikakaa katikati, na kompyuta ya pili ikazimwa sauti, kwa sababu kompyuta mbili zilizo wazi chumba kimoja zinalishana mluzi. Dari la vigae vya nyuzi, ambalo kwa hesabu peke yake lingekiteremsha chumba hadi karibu nusu sekunde, lilisubiri bajeti ijayo.

Rekodi ya kikao cha kwanza baada ya hapo niliisikiliza mara moja nikaandika. Mzee mmoja mjumbe, ambaye katika vikao vya nyuma jina lake lilikuwa likionekana kwenye mahudhurio tu, safari hii aliuliza maswali mawili kuhusu hesabu za mwaka. Alikuwa amekaa palepale anapokaa siku zote. Sikuamini kama alikuwa kimya kwa hiari miaka yote hiyo, na hilo ndilo linalonifanya nilichukulie suala hili kwa uzito: mjumbe asiyesikia anapiga kura ya kufuata mikono ya wenzake.

Gharama yote, pamoja na usafiri wa bajaji kutoka Keko, haikufika bei ya spika waliyokuwa wamekwisha andikiwa ankara.

Basi ombi langu kwa wenyeviti, makatibu na maafisa manunuzi wa ofisi zetu ni hili. Kabla hujasaini karatasi ya spika nyingine, ingia chumba cha mikutano kikiwa kitupu, funga madirisha, simama katikati, piga kofi moja kali. Kofi likiendelea kusikika baada ya mikono kutulia, spika hiyo usiinunue. Fedha zake mpelekee fundi sofa.